Mwambie Aandike: Jinsi ya Kumtetea Jirani Anayetolewa Nyumba au Aliyekatiwa Inua Jamii Nairobi

Kila ploti ina mtu ambaye majirani humbishia mlango kwanza mambo yakiharibika. Huenda ni fundi, mwalimu wa chekechea, mhudumu wa afya ya jamii au mama wa chama. Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Unahusu jirani anayetishiwa kutolewa nyumba, na jirani ambaye malipo yake ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, walezi wa mayatima na watu wenye ulemavu, yamekatika. Haukufanyi wakili, na hupaswi kujiita wakili, lakini mambo mengi yanayomwangusha mpangaji maskini hutokea kabla wakili hajaonekana, katika zile siku mbili au tatu za kwanza ambazo kila mtu anasema na hakuna anayeandika.

Mwenye nguvu katika mji huu hupenda kutumia mdomo. Keyateka, msimamizi wa ploti, anasema, "Bosi amesema utoke kufikia Jumamosi." Karani anasema, "Jina lako halimo, jaribu mwezi ujao." Maneno kama hayo hayana tarehe wala sahihi, na huwezi kuyakatia rufaa. Kazi yako ya kwanza, na ya pili, ni kuyageuza yawe karatasi. Mwambie aandike. Akikataa, andika wewe kwamba amekataa, jina lake, cheo chake, siku na saa.

Hatua ya kwanza: jua ni upangaji wa aina gani

Usikimbilie ofisi yoyote kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu Nairobi ina milango kadhaa na ukibisha usiofaa utapoteza wiki nzima.

Ikiwa ni nyumba ya kuishi na kodi yake ni ndogo, angalia kwanza Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296. Sheria hii inazilinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa hivyo kwa miongo mingi huku bei ya kila kitu ikipanda, na kwa maoni yangu hiyo ni dhuluma ambayo Bunge lingeiondoa zamani. Bedsita ya kawaida ya Pipeline au Kayole imekipita kabisa. Hata hivyo bado vipo vyumba vya mabati Kibera, Mathare, Korogocho na Mukuru vinavyoingia humo, na kwa hivyo uliza kodi ni ngapi kabla ya kukata tamaa. Mpangaji wa nyumba kama hiyo hawezi kutolewa bila amri ya Tribunali ya Kodi, na tribunali hutoa amri hiyo kwa sababu zilizotajwa katika sheria tu, kama vile kutolipa kodi, kuharibu nyumba au kuwasumbua majirani. Hata sababu ikiwepo, lazima tribunali ione kwamba ni haki kumtoa.

Kodi ikizidi hapo, mlango ni mahakama ya kawaida, na sheria ya kushika ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Mtu anayelipa mwezi kwa mwezi bila mkataba unaosema vinginevyo anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Akidaiwa kuvunja masharti, landlodi anapaswa kumpa notisi ya maandishi inayotaja kosa na muda wa kulirekebisha, na mpangaji anaweza kuiomba mahakama imwokoe asipoteze nyumba.

Duka, kinyozi, kibanda cha chakula au saluni iliyokodishwa ni habari nyingine. Huko kuna Sura ya 301 na tribunali yake ya majengo ya biashara. Inamlinda hasa yule asiye na mkataba wa maandishi, ingawa wengi hudhani ukikosa mkataba huna haki. Landlodi lazima atoe notisi ya angalau miezi miwili, kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, iwe anataka kukutoa au kupandisha kodi. Ukiipinga kwa kupeleka shauri kwenye tribunali kabla ya siku ambayo notisi ingeanza kufanya kazi, notisi hiyo husimama hadi shauri liamuliwe. Nimewaona akina mama wa mboga na vibanda vya chipsi wakihama kwa notisi ya wiki moja iliyoandikwa nyuma ya risiti, wakati sheria iliwapa miezi.

Na wapo wanaoishi kwenye ardhi ya reli, ya barabara, ya kando ya mto, au ya mtu binafsi ambaye hawajawahi kumwona. Hao nitawarudia, kwa sababu wao hutolewa mtaa mzima kwa siku moja.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla ya ugomvi

Fanya hivi hata kama landlodi ni mtu mzuri. Sura ya 296 inamtaka landlodi atunze daftari la kodi na kumpa mpangaji nakala yake. Wachache sana hufanya hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuliomba kwa maandishi.

Mwambie kila jirani alipe kwa M-Pesa inapowezekana, na aweke mesej zake. Simu ikiibiwa, taarifa ya M-Pesa inaweza kuombwa upya, ila iombeni mapema. Anayelazimishwa kulipa taslimu kwa keyateka alipe mbele ya mtu, kisha amtumie keyateka mesej papo hapo: "Nimekupa leo shilingi 3,000 za kodi ya Machi, chumba namba 14." Keyateka akijibu "sawa," umepata risiti.

Piga picha za chumba siku ya kuingia: ukuta, mlango, swichi, choo. Picha hizo ndizo zitakazorudisha diposti siku ya kutoka. Piga picha ya mita ya stima na ya maji pia. Weka nakala ya kitambulisho na ya mkataba, ikiwa upo, kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine, maana moto na mafuriko havichagui.

Hatua ya tatu: jibu kabla ya tarehe kupita

Tishio likija, la mdomo au la karatasi, jibuni ndani ya siku mbili. Barua isiwe ndefu, na isiwe na matusi hata kama mwenzako ametukana. Hii inatosha:

*Kwa landlodi au ajenti wa ploti …*

*Mimi ni mpangaji wa chumba namba … tangu mwezi wa …, mwaka wa …. Kodi ni shilingi … kwa mwezi, na nimelipa hadi mwezi wa ….*

*Tarehe …, saa …, keyateka aliniambia nihame kufikia tarehe …. Sijapokea notisi ya maandishi inayofuata sheria, wala amri ya tribunali au ya mahakama.*

*Naomba unieleze kwa maandishi sababu ya kunitaka nihame na sheria unayoitegemea. Deni ninalolitambua ni shilingi …. Nitalipa shilingi … kila tarehe … pamoja na kodi ya mwezi hadi liishe.*

*Naomba usikate maji wala stima na usifunge mlango hadi jambo hili liamuliwe kisheria.*

*Jina, sahihi, nambari ya simu. Nakala: ofisi ya chifu.*

Itume kwa WhatsApp au mesej, kisha peleka karatasi kwa mkono ukiwa na shahidi. Nakala ya chifu igongwe muhuri wa kupokelewa. Chifu hana mamlaka ya kumtoa mpangaji wala ya kuamua kesi ya kodi, lakini muhuri wake una tarehe, na tarehe ndiyo unayoitaka.

Mstari wa deni katika barua hiyo usiuache kama kweli kuna deni. Watetezi wengine huwafundisha watu kukana kila kitu, kisha landlodi analeta daftari lake na mpangaji anaonekana mwongo katika kila neno lingine. Deni la kodi ni deni. Kinachopiganiwa ni njia ya kulidai. Mtu aliyeweka ahadi ya kulipa kidogo kidogo, akaanza kulipa na ana ushahidi, husikilizwa kwa sikio tofauti kabisa. Landlodi akirudisha pesa ili aseme hujalipa, weka mesej ya kurudishwa, weka pesa kando, kisha iombe tribunali au mahakama ikuelekeze pa kuziweka.

Hatua ya nne: mlango umefungwa, bati limeng'olewa, stima imekatwa

Hufanyika sana Ijumaa jioni au mkesha wa sikukuu, kwa sababu mahakama zimefungwa.

Piga picha na video kwanza, ukisema tarehe, saa na mahali kwa sauti. Andika majina ya waliofanya na ya walioona. Usivunje kufuli, ingawa ni chako kilichomo ndani na hasira ni ya haki. Ukilivunja, kesho mpangaji atakuwa mshtakiwa wa kuharibu mali na hadithi yote itageuka. Kama ndani kuna dawa, sare za shule au chakula cha mtoto, mwendeeni mzee wa mtaa na kituo cha polisi, mwombe afisa awasindikize mkachukue hivyo tu, na mwandike mlichochukua.

Kituoni watakwambia, "Haya ni mambo ya landlodi na mpangaji, nendeni kortini." Kuhusu deni wana haki kusema hivyo. Kuhusu mali iliyoharibiwa, vitu vilivyopotea au mtu aliyepigwa, hayo ni makosa ya jinai na yanapaswa kuingizwa kwenye kitabu cha matukio. Kwa hivyo usianze na habari ya kodi. Sema: "Nimekuja kuripoti mlango uliong'olewa na televisheni iliyochukuliwa." Omba nambari ya OB, yaani nambari ya tukio lako kwenye kitabu hicho, na jina la afisa. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, kumnyima mpangaji huduma au kumsumbua kwa nia ya kumlazimisha ahame ni kosa la jinai pia, na ni vizuri kulitaja kwa upole, ukiwa na nakala ya sheria mkononi. Polisi wachache wamewahi kuisoma.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi, nendeni tribunalini au mahakamani mkaombe amri ya muda chini ya hati ya dharura. Zinahitajika ombi lenyewe, hati ya kiapo inayosimulia yaliyotokea kwa mpangilio wa siku, na ushahidi ulioambatanishwa. Sasa utaona faida ya kuandika tangu mwanzo: hati ya kiapo inajiandika yenyewe kutoka kwenye daftari lako. Mahakama za Nairobi zimekuwa zikipokea kesi kwa njia ya mtandao tangu Julai 2020, kwa hivyo mtahitaji barua pepe na pengine saiba ya kuaminika. Kaa na mpangaji pale saiba, usimwachie kijana wa kompyuta abuni maelezo. Asiye na uwezo wa kulipa ada anaweza kuomba kuruhusiwa kuendesha kesi kama maskini, na maombi hayo yafanywe mwanzoni.

Amri ikipatikana, chapisha nakala nyingi. Moja kwa landlodi, moja kwa ajenti, moja kwa keyateka, moja kwa mkuu wa kituo cha polisi. Piga picha kila inapokabidhiwa. Amri ambayo landlodi anaweza kusema hakuiona haimfungi mtu.

Madalali wakija

Landlodi ana haki, chini ya Sura ya 293, kukamata mali ya mpangaji kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Lakini hawezi kutuma vijana wa mtaa. Lazima atumie dalali mwenye leseni, na kwa nyumba za Sura ya 296 lazima kwanza apate ruhusa ya tribunali. Dalali huanza kwa kuorodhesha mali, kuitia thamani na kuacha notisi yenye muda wa kulipa. Hachukui vitu siku hiyo hiyo.

Muulize leseni na barua inayomtuma, upige picha zote mbili. Hakikisha kila kitu kimeandikwa kwa hali yake halisi, maana friji nzima ikiandikwa "friji mbovu" itauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Nguo za lazima na matandiko ya familia hayakamatwi. Vitu vya jirani au vya mgeni vilivyomo ndani vitajwe papo hapo, kwa maandishi. Malalamiko dhidi ya dalali hupelekwa kwenye Bodi ya Leseni za Madalali.

Mtaa mzima ukiambiwa uhame

Hapa moyo huchoka, kwa sababu tumeona mengi. Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilibomolewa Novemba 2011 baada ya notisi ya siku 7. Mei 2020, Kariobangi Sewage ilibomolewa wakati wa mvua na kafyu ya korona. Mukuru kwa Njenga ikafuata mwishoni mwa 2021, kisha makao ya kando ya mito baada ya mafuriko ya 2024.

Lakini sheria imesogea, na watu wa Mitumba ndio walioisogeza. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mnamo 11 Januari 2021 ilisema kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makao kwenye ardhi ya umma, ingawa hawapati hati, wana haki ya makazi inayolindwa na Katiba. Mahakama inaweza kuamuru fidia au kuhamishiwa mahali pengine. Msingi wake ni kifungu cha 43 cha Katiba. Mwakilishi wa serikali akiwaambia, "Nyinyi ni wavamizi, hamna haki yoyote," mnajua la kumjibu.

Tangu 2016 Sheria ya Ardhi pia ina utaratibu wa kuwatoa watu, na mtetezi anapaswa kuushika kichwani. Notisi ni ya angalau miezi mitatu. Kwenye ardhi ya mtu binafsi, notisi iwe kwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kama watu ni wengi ichapishwe katika magazeti mawili ya kila siku na kubandikwa sehemu zisizopungua tano ndani ya mtaa. Naibu kamishna wa kaunti na mkuu wa polisi wa eneo wapewe nakala. Siku ya kutoa watu, maafisa wajitambulishe na waonyeshe idhini, utu wa watu uheshimiwe, wazee, watoto na wagonjwa waangaliwe kwa namna ya pekee, na wenyeji wapewe nafasi ya kubomoa wenyewe na kuokoa mabati yao. Anayepewa notisi anaweza kwenda kortini kuipinga.

Kwa hiyo notisi ikionekana, au alama nyekundu ikichorwa ukutani, gawaneni kazi usiku huo. Mmoja apige picha za notisi na kuzihesabu ziko ngapi na wapi, maana mbili pungufu ya tano ni hoja mahakamani. Mwingine aandike barua kwa naibu kamishna akiuliza ni nani aliyeomba kuondoa watu, kwa idhini gani. Wengine wafanye sensa ya mtaa mlango kwa mlango: jina, idadi ya watu, wazee, walemavu, watoto wa shule, muda walioishi.

Katika sensa hiyo waandikeni wapangaji kwa majina yao. Serikali au mradi ukilipa fidia, orodha huwa rahisi kuwa ya wenye vibanda, ambao wengine hawaishi hapo kabisa. Familia iliyolipa kodi ya chumba hicho miaka kumi huachwa kando ya barabara na godoro lake. Likisemwa wazi mapema, kwenye mkutano wa mtaa na katika barua za kwanza, linaweza kurekebishwa. Baada ya fedha kuanza kutoka huwa vigumu mno. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, wamefanya sensa za aina hii kwa miaka mingi katika mitaa ya Nairobi, na ni wa kuombwa ushauri.

Msiogope mahakama kwa sababu ya lugha au fomu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kesi ya kutetea haki za msingi haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kuipokea hata kwa nyaraka zisizo rasmi. Barua iliyoandikwa vizuri inaweza kuanzisha kesi. Hata hivyo, kwa jambo la mtaa mzima tafuteni wakili tangu siku ya kwanza.

Diposti

Hili ni fupi. Landlodi akikataa kurudisha diposti bila sababu ya maandishi, mpe barua ya madai yenye siku 14, ukiambatanisha picha za kuingia na kutoka. Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Kuna moja Milimani. Fomu ni nyepesi, Kiswahili kinakubaliwa, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Inua Jamii ikikatika

Sasa upande wa pili, ambao mara nyingi ndio chanzo cha wa kwanza. Bibi mwenye umri wa miaka 74 anayelea wajukuu watatu Majengo hulipa kodi kutokana na ile shilingi 2,000 ya kila mwezi. Isipoingia miezi minne, keyateka anabisha. Ukitetea nyumba yake bila kufuatilia pesa zake, utarudi mlangoni pale pale mwezi unaofuata.

Kwanza jua yuko kwenye mpango gani, maana mipango ni mitatu chini ya jina moja: wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, familia zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, na watu wenye ulemavu mkubwa. Muulize alisajiliwa wapi na lini, na nani aliandikwa kama mlezi wake. Angalia simu na laini iliyosajiliwa. Kabla ya kulaumu ofisi, ondoa sababu za karibu: laini imepotea au imesajiliwa kwa jina la mjukuu, jina kwenye kitambulisho halilingani na la kwenye orodha, alama za vidole za mzee zimefutika kwa miaka ya kufua na kupalilia hivyo mashine haizitambui, au hakufika wakati wa uhakiki wa walio hai. Uliza pia majirani wawili walio kwenye mpango huo huo. Kama nao hawajalipwa, tatizo ni la malipo ya nchi nzima au ya eneo, na kinachotakiwa ni subira pamoja na barua. Kama wao wamelipwa, tatizo ni la jina lake.

Hapo nendeni kwa chifu, kisha kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo. Usiende mikono mitupu. Beba nakala ya kitambulisho, ya laini, mesej za malipo ya mwisho na karatasi moja yenye maswali matatu: Je, jina lake limo kwenye orodha? Kama limetolewa, limetolewa lini na kwa sababu gani? Arudishwe kwa njia ipi, na je, atalipwa ya nyuma? Akijibiwa kwa mdomo, mwombe afisa aandike jibu kwenye karatasi hiyo hiyo na kutia sahihi. Wengi hukubali wakiombwa kwa heshima, maana nao wanachoshwa na mfumo usiowapa majibu.

Asipojibu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika ombi la habari, kwa Kiswahili ukipenda, kwa maana sheria yenyewe inataja Kiswahili. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo na afisa wa habari anatakiwa kumwandikia. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Zikipita, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Na kwenye barua taja kifungu cha 47 cha Katiba: mtu ambaye haki yake inaathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Mzee aliyeandikwa amekufa akiwa hai anastahili zaidi. Kwa huyo, andaeni hati ya kiapo, barua ya chifu inayothibitisha kwamba yu hai, na picha yake akiwa ofisini kwa chifu siku hiyo, kisha peleka vyote pamoja.

Kwa mpango wa ulemavu, kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu huhitaji tathmini ya hospitali ya serikali. Anza safari hiyo mapema kwa sababu foleni ni ndefu, na mpeleke mlezi pamoja na mgonjwa ili asirudishwe.

Usajili na ufuatiliaji wote huo hauna malipo. Anayedai shilingi 500 "ya kuharakisha jina" ni mwizi, hata kama ni mzee wa mtaa anayeheshimiwa. Mripoti.

Mipaka yako wewe mtetezi

Usishike kitambulisho cha mtu usiku kucha. Usijue siri ya M-Pesa ya mzee, hata akikupa kwa mapenzi, na umfundishe asimpe wakala pia. Usitie sahihi badala ya mtu, mwache aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Usiahidi ushindi. Usipokee pesa za kesi mkononi. Nauli na nakala zilipwe na mwenyewe au na kikundi, zikiandikwa.

Jambo likikuzidi, lipeleke panapostahili. Kituo Cha Sheria wamewasaidia maskini wa Nairobi tangu 1973. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya wasioweza kulipa wakili. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, huwasaidia wanawake, na kesi ya nyumba mara nyingi huficha kesi ya ndoa ndani yake. Vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare, huwajua polisi na machifu wa eneo kwa majina. Ukienda huko, peleka daftari lako, lenye tarehe za kila siku na kila jibu ulilopewa na ulilonyimwa. Wakili aliyepokea daftari kama hilo saa tatu asubuhi anaweza kuwa na ombi tayari kabla ya jioni.

Amri ikishapatikana au pesa zikisharudi, mtembelee mwenyewe baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Angalia kama maji yamerudishwa. Angalia kama kodi mpya imepandishwa ghafla kwa kulipiza kisasi, na kama ndivyo, anza tena na barua. Angalia kama malipo ya Inua Jamii yameingia pamoja na ya miezi iliyopita, ukihesabu mwezi kwa mwezi kwenye mesej, na upungufu wowote uandikie barua siku hiyo hiyo.